WATI ELFU MOJA ZIKO WAPI?
Namna ya kuchagua mabafle madogo ya nyumbani



Mara nyingi katika ukurasa huu tunaeleza fizikia ile ambayo mwalimu anaandika ubaoni. Leo tunataka kueleza fizikia ile inayouzwa sokoni. Sababu yake ni hii: wakati wa likizo kubwa, mmoja wetu aliikuta nyumbani kwao, na pesa ya jamaa ilikuwa ndani yake.

Yaya wake alikuwa ameweka akiba kidogo kidogo muda wa miezi mingi. Kwao wanatumia nguvu ya jua: plaki moja juu ya mabati, batri moja ya volti 12, na ampli ndogo ambayo mtu anaweza kuifunika kwa mkono. Yaya alitaka mabafle mawili ya kuweka juu ya kabati, ili watu wa nyumba wasikie muziki vizuri na nyimbo za kwaya. Sokoni akaonyeshwa masanduku mawili meusi yenye kung'aa, kila moja na koni tatu, na nyuma yake karatasi ya rangi ya dhahabu imeandikwa: WATI 1000. Mwuzaji akamwambia, «Yaya, hii iko na nguvu. Mtaa wote utasikia.» Akalipa.

Siku ya kumpokea mjomba, watu wakajaa ndani ya salo. Wageni walipokuwa wachache, muziki ulisikika. Walipokuwa wengi na maongezi yakapanda, tulifungua ampli zaidi, na sauti ikaanza kupasuka kama karatasi. Jirani mmoja, mzee, akaenda kwake akaleta mabafle yake mawili ya zamani, rangi imebanduka, mgongoni imeandikwa wati 30 tu. Tukaunganisha kwa ampli ileile, kwa waya uleule. Nyumba ikajaa muziki, na sauti ilikuwa safi.

Mama akauliza neno moja: «Sasa ile elfu moja iko wapi?»

Hakuna aliyejibu. Tena kila mtu alijua kwamba pesa ile ilikaribia kuwa minervali ya muhula mmoja kwa watoto wawili. Ni kwa sababu ya swali la mama huyu tunaandika habari hii. Hatutaki mwanafunzi mwingine akae kimya siku hiyo.

1. BAFLE HAITENGENEZI WATI

Tuanze na jambo la kwanza. Bafle haina nguvu yake yenyewe. Inapokea nguvu ya umeme kutoka kwa ampli na kuigeuza iwe mtikiso wa hewa. Namba ya wati iliyoandikwa mgongoni, hata ikiwa ya kweli, inaonyesha tu kiasi cha nguvu ambacho bafle inaweza kuvumilia bila kuungua. Gunia lililoandikwa kilo 100 halisemi kwamba ndani mna mahindi kilo 100. Linaweza kuwa tupu.

Basi mahindi yanatoka wapi? Kwa ampli. Na ampli ya batri ina mpaka ambao mwanafunzi wa mwaka wa nne anaweza kuhesabu yeye mwenyewe. Volti ni 12. Ampli ya kawaida ya namna hii, bila chombo cha kuongeza volti ndani yake, haiwezi kusukuma bafle kwa zaidi ya volti 12 kila upande wa wimbi. Gawanya 12 kwa 1,41 upate volti 8,5 hivi. Zidisha 8,5 kwa 8,5, upate 72. Gawanya kwa omu 8 za bafle: wati 9. Kwa kweli inakuwa karibu 7, maana ampli inapoteza kidogo njiani. Hata kama juu ya ampli imeandikwa wati 50 au 100, hesabu haidanganywi na karatasi ya dhahabu.

Kwa hiyo siku ile mabafle ya «wati 1000» na mabafle ya wati 30 yalikula chakula kimoja: wati 7 hivi kila moja. Tofauti ilikuwa pengine.

2. ULIZA KIPIMO CHA WATI MOJA

Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg, mainjinia wa kampuni ya General Electric huko Marekani, walieleza namna ya kipaza ambayo mpaka leo iko karibu katika kila bafle: bobini ya waya imefungwa kwa koni, nayo inakaa ndani ya nafasi ya sumaku. Umeme ukipita katika bobini, sumaku inaisukuma mbele na nyuma, na koni inasukuma hewa.

Kazi hii inapoteza nguvu nyingi sana. Hewa ni nyepesi, koni haiwezi kuishika sawasawa. Bafle ndogo nzuri ya nyumbani inageuza sehemu ndogo ya umeme kuwa sauti, mara nyingi chini ya 1 kwa mia. Ile 99 nyingine inakuwa joto ndani ya bobini. Ndiyo kusema, karibu nguvu yote ya batri yetu inakwenda kupasha waya moto.

Lakini mabafle yote hayapotezi sawasawa. Ili kuyalinganisha, mafundi wanatia wati 1 katika bafle, wanaweka chombo cha kupima mbele yake kwa umbali wa metre 1, halafu wanasoma desibeli. Hiki ndicho tunachokiita hapa kipimo cha wati moja. Katika karatasi za kampuni kimeandikwa hivi: dB/1W/1m, au dB/2,83V/1m. Mabafle madogo mengi yako kati ya 84 na 88. Yenye kufika 90 au kupita ni yale yenye kutumia nguvu vizuri.

Mtu atasema, «Kati ya 84 na 90 kuna 6 tu, hiyo ni kitu gani?» Hapana, ndugu. Desibeli hazihesabiwi kama maembe. Shika kanuni hii kichwani:

- desibeli 3 zaidi = sawa na kuzidisha wati mara 2;
- desibeli 6 zaidi = mara 4;
- desibeli 10 zaidi = mara 10, na sikio linaona kama sauti imekuwa mara mbili tu.

Basi bafle ya 90 yenye wati 7 inalia sawa na bafle ya 84 yenye wati 28. Mtu aliyenunua ile ya 90 amepata ampli mara nne bila kulipa ampli.

Angalia pia mtego mmoja. Volti 2,83 katika bafle ya omu 8 ni wati 1 kamili. Katika bafle ya omu 4, volti zilezile ni wati 2. Kwa hiyo bafle ya omu 4 iliyopimwa kwa volti 2,83 imepewa zawadi ya desibeli 3. Ukiona «88, omu 4, 2,83V», toa 3 uhesabu 85. Tena kuna kampuni zinazopima ndani ya chumba, ambamo kuta zinarudisha sauti, na namba inapanda. Namba ikiwa kubwa mno kwa sanduku dogo, usiamini upesi. Sehemu inayofuata itaeleza kwa nini.

3. SANDUKU DOGO HALIPATI VYOTE VITATU

Kila mnunuzi anataka mambo matatu: sanduku liwe dogo, sauti nzito ishuke chini kabisa, na wati chache zitoshe. Fizikia inajibu: chagua mawili.

Jambo hili linaitwa sheria ya chuma ya Hofmann, kwa jina la Anton Hofmann, mmoja wa watu watatu waliotoa herufi za jina la kampuni KLH ya Marekani. Baadaye Neville Thiele katika mwaka 1961 na Richard Small kuanzia mwaka 1972, wote wawili huko Australia, waliandika hesabu zake kwa namna ambayo mafundi wa dunia nzima wanazitumia. Kwa maneno mepesi: faida ya bafle inakwenda pamoja na ukubwa wa sanduku, ukizidisha kwa namba ya hezi ya chini ambayo bafle inafikia, na hiyo namba ya hezi inazidishwa mara tatu kwa yenyewe.

Tupige mfano. Bafle ya lita 10 inashuka mpaka hezi 80. Unataka ishuke mpaka 40, ni kusema nusu. Nusu mara nusu mara nusu ni moja ya nane. Basi lazima ufanye moja katika haya: ongeza sanduku mpaka lita 80, au kubali kupoteza faida mara 8, yaani desibeli 9. Njia ya tatu hakuna. Mwuzaji anayekuambia kwamba sanduku lake la lita 6 linashuka mpaka hezi 30 na pia linalia kwa nguvu na wati chache, anauza asichonacho.

Mabafle matatu ya kujulikana yanaonyesha sheria hii vizuri.

La kwanza. Mwaka 1946 Paul Klipsch alianzisha kampuni yake katika mji mdogo wa Hope, jimbo la Arkansas. Bafle yake Klipschorn iliwekwa katika pembe ya chumba, na kuta za chumba zikawa sehemu ya tarumbeta yake. Inatoa zaidi ya desibeli 100 kwa wati moja na inashuka chini vizuri. Lakini ni kubwa kama kabati la nguo. Yeye alitupa udogo.

La pili. Mwaka 1954 Edgar Villchur na Henry Kloss, huko Cambridge, Massachusetts, walianza kampuni Acoustic Research. Villchur alifunga sanduku lisitoe hewa, na hewa ile ya ndani ikawa kama resori ya kurudisha koni. Sanduku lililoweza kukaa juu ya rafu likatoa sauti nzito ambayo zamani ilihitaji sanduku kubwa sana. Watu walistaajabu. Tena mwaka 1958 santuri za stereo zilipoingia sokoni, kila nyumba ikahitaji mabafle mawili, na udogo ukawa na maana zaidi. Lakini sanduku la Villchur lilitaka wati nyingi. Yeye alitupa faida. Kisha ampli za transista zikaleta wati za bei nafuu, na dunia karibu yote ikafuata njia hiyo.

La tatu. Katika miaka ya 1970 redio ya Uingereza, BBC, ilitengeneza bafle ndogo sana iitwayo LS3/5a, ya lita 5 hivi, ili mafundi wake waweze kusikiliza ndani ya gari la kutangazia. Walitaka sauti ya mtu isikike kama mtu mwenyewe, karibu na sikio. Walifaulu, na mpaka leo watu wanaitafuta. Lakini kipimo chake cha wati moja ni 82 au 83 tu, na sauti nzito haishuki sana. Wao walikubali kupoteza mambo mawili ili wapate ukweli wa sauti.

Hakuna aliyekosea kati yao. Kila mmoja alijua anatupa nini. Anayekosea ni mtu anayenunua bila kujua kwamba lazima atupe kitu.

4. NYUMBA YA BATRI NA NYUMBA YA UMEME MWINGI

Sasa tuchague. Kama nyumba yenu iko na umeme wa waya usiokatika kila siku, na ampli ya wati 40 au 50 za kweli kwa kila upande, mnaweza kutupa faida. Bafle ya 84 au 85 yenye sauti sawa itawapendeza. Mfano: mwaka 2012 kampuni Pioneer iliuza huko Marekani bafle ndogo SP-BS22-LR, iliyochorwa na injinia Andrew Jones, jozi karibu dola 130. Wasikilizaji wengi waliisifu kupita bei yake. Lakini kipimo chake ni 85, ni kusema inataka ampli ya kutosha. Kwa batri yetu ndogo ingekuwa mgeni mwenye njaa.

Kama nyumba yenu ni ya batri, shauri letu ni hili: tupeni sauti nzito ya chini kabisa, mshike faida. Msiogope. Waya mnene wa gitaa la besi unaanza hezi 41, ni kweli. Lakini kila noti ya besi ina pia sauti zake za juu: 82, 123 na kuendelea. Sikio likisikia hizo, akili inajaza yenyewe ile ya chini iliyokosekana. Kwa hiyo rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021, bado itachezwa vizuri katika bafle inayoanza hezi 70. Sauti nzito kabisa ya mwanakwaya inaanza karibu na 80. Hamtapoteza mtu hata mmoja wa kwaya.

Tulifanya pia hesabu ya batri. Kisha sikukuu tulipima mabafle ya yaya na ya jirani kwa simu moja, pahali pamoja, kwa wimbo uleule, bila kugusa ampli. Simu si chombo cha kweli cha maabara, lakini kwa kulinganisha inasaidia. Tofauti ilikuwa desibeli 8, yaani mara 6 kwa wati. Ili masanduku ya dhahabu yafikie ya mzee, yangehitaji ampli ya zaidi ya wati 40 kila upande.

Tuseme ampli hiyo ingepatikana. Muziki hauli wati zote kila dakika. Tuseme ya mzee yanakula wati nusu kila moja kwa wastani, basi ya yaya yatakula 3 na zaidi. Batri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84, lakini batri ya risasi tusiishushe kupita nusu, basi 42. Ampli ya kisasa inapoteza kidogo, na yenyewe inakula wati 2 hivi hata ikikaa bure. Matokeo: kwa mabafle ya mzee, masaa 13. Kwa yale ya dhahabu, masaa 4 na nusu. Mtoto anayetaka kusoma kwa taa ya batri hiyohiyo usiku ataona tofauti yake.

5. SOKONI: MAMBO YA KUTAZAMA

Mbele ya kutoa franga, fanya hivi:

a) Uliza kipimo cha wati moja na omu. Kwa nyumba ya batri tafuta 88 mpaka 91, omu 8, koni kubwa ya sentimita 16 hivi, sanduku la lita 10 mpaka 20. Kama hakuna karatasi, peleka ampli yako na simu, ulinganishe.

b) Usisome «hezi 20 mpaka 20 000» peke yake. Namba hiyo bila kusema sauti imeshuka kwa desibeli ngapi pale mwisho haina maana. Yenye heshima inaandika, kwa mfano, hezi 65 mpaka 20 000, kuzidi au kupungua desibeli 3.

c) Inua sanduku. Sumaku ni nzito, mbao nzuri ni nzito. Gonga ubavu wake kwa kidole: likijibu kama ngoma, mbao ni nyembamba, nalo litaimba wimbo wake juu ya wimbo wako.

d) Hesabu koni zinazofanya kazi. Tulipofungua mgongo wa sanduku la yaya tulikuta koni moja ya karatasi ya sentimita 10, sumaku yake kama bisikiti. Koni mbili nyingine zilikuwa za mapambo. Hazikuwa na waya hata mmoja. Weka sikio karibu na kila koni wakati wa kupiga. Koni ndogo ya juu lazima itoe sauti nyembamba.

e) Usidharau za zamani. Bafle ya mkono wa pili mara nyingi ndiyo yenye faida kwa bei nafuu. Lakini tazama ule ukingo unaoshika koni pembeni. Ukiwa wa sponji, kisha miaka 10 au 20 unaoza, hasa fasi yenye joto na unyevu. Gusa polepole: ukibaki vumbi kidoleni, acha. Ukingo wa mpira unadumu zaidi. Sukuma koni kwa vidole viwili pole sana, pande zote mbili sawa. Ikikwaruza ndani, bobini imeharibika. Chombo cha kupima omu kikionyesha 6 hivi kwa bafle ya omu 8, hiyo ni kawaida. Kikikataa kabisa, waya umekatika.

f) Linganisha kwa sauti iliyo sawa. Sikio linapenda ile yenye kulia zaidi kidogo na kuiita nzuri. Wauzaji wanajua. Punguza ile yenye nguvu mpaka zilingane, ndipo uhukumu. Tena piga wimbo unaoujua wewe, na maneno ya mtu anayesoma au kuhubiri. Sauti ya mtu haifichi makosa: ikisikika kama mtu ameingia ndani ya pipa, usinunue.

6. NYUMBANI: FAIDA YA BURE

Bafle ikisha kununuliwa, bado kuna desibeli za bure.

Karibia. Ukisogea kutoka metre 3 mpaka metre 1 na nusu, unaweza kupata mpaka desibeli 6, ingawa kuta za chumba zinapunguza faida hiyo. Ukizipata zote, ni sawa na ampli mara nne.

Tumia ukuta. Bafle ndogo iliyowekwa karibu na ukuta inapata msaada kwa sauti nzito. Ikiwa na tundu la hewa nyuma, acha nafasi kama upana wa mkono. Pembe ya chumba inaongeza zaidi, lakini ikizidi maneno yanakuwa matope.

Weka koni ndogo sawa na masikio ya mtu aliyeketi. Mabafle juu ya kabati refu yanaimbia mabati.

Unganisha waya nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, koni moja inakwenda mbele wakati nyingine inarudi nyuma, na sauti nzito inajifuta. Wengi wanarudisha bafle sokoni wakati kosa ni waya.

Juu ya waya wenyewe, usidanganywe na bei. Waya wa shaba wa milimita mraba 1,5, urefu wa metre 5, kwenda na kurudi, una omu 0,12 tu. Mbele ya omu 8 hiyo si kitu. Waya wa taa unatosha.

Mwisho, sauti ikianza kupasuka, rudisha kitufe. Ampli ndogo inayolazimishwa inapeleka joto kubwa kwa koni ndogo na kuiunguza. Wengi wanafikiri bafle inaungua kwa ampli kubwa tu. Hata ndogo inaua, ikichoka.

TUMALIZE

Yaya hakurudishiwa pesa. Mwuzaji alisema, «Ulisikia, ulipenda, ulilipa.» Tulitoa masanduku juu ya kabati, tukayaweka juu ya meza karibu na ukuta, sawa na masikio. Tulikuta pia kwamba waya wa upande mmoja ulikuwa umegeuzwa, tukauweka sawa. Sasa yanatosha kwa watu wanne walioketi karibu na kusikiliza bila kelele. Kwa sikukuu hayatoshi, na hayatatosha kamwe. Yaya ameanza kuweka akiba tena. Safari hii mzee jirani amesema atakwenda naye sokoni, ampli ndani ya mfuko.

Na mama alipata jibu lake. Mdogo wake yaya alimweleza hesabu yote mezani, tangu volti 12 mpaka wati 9. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Basi ile elfu moja haikupotea. Haikuwako.»

Hiyo ndiyo fizikia yetu ya juma hili. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Sisi tunaongeza: na kibaya kinajiandikia wati. Mwenye swali au mwenye bafle ya kupima, atukute maabara kisha masomo ya mchana. Alete na wimbo anaoujua.

Wenu wa ukurasa wa sayansi